Neno Moja la Kamunyu

Sogeeni, nafasi ipo. Nina kisa cha watu watatu na jiwe moja, na sijawahi kukisimulia mahali watu wakaondoka wamekubaliana.

Palikuwa na mji uitwao Kamunyu, mbali kabisa na bahari, lakini watu wake waliishi kwa chumvi. Chini ya kilima palikuwa na chemchemi ya maji makali ya chumvi. Waliyachota, wakayachemsha kwenye masufuria mapana mpaka yakakauka, na kilichobaki chini ya sufuria ndicho kilichosomesha watoto, kikaozesha wasichana, kikazika wazee.

Katika mji huo alikuwako Nyamizi. Kipaji chake kilikuwa sauti. Akiimba huku anakoroga sufuria, mpita njia alisimama na mzigo wake kichwani akasahau alikuwa anakwenda wapi.

Alikuwako Nkwabi. Kipaji chake kilikuwa mikono. Akigusa ngoma, hata aliyekuja ngomani kununa alijikuta kisigino kinamsaliti.

Alikuwako Bi Mwavita. Kipaji chake kilikuwa maneno. Wasemaji ni wengi, lakini wengi wao wanajua kusema na watu waliokwisha kukubali. Bi Mwavita alijua kusema na watu waliokasirika.

Sasa, Kamunyu ilikuwa na pande mbili, Juu na Chini, na korongo katikati. Mwaka mmoja watu walipiga kura kumchagua mwenyekiti wa mji. Wagombea walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa Bi Mwavita. Kabla kura hazijahesabiwa, sanduku likaungua. Aliyeliwasha hajulikani mpaka leo. Juu walisema ni Chini, Chini walisema ni Juu, mawe yakarushwa, na jiwe moja likampata Nkwabi, mtu wa Juu, kwenye jicho la kushoto. Jicho likafa. Aliyelirusha alionwa na kila mtu, naye hakukana. Alikuwa Mlekwa wa Chini, kaka yake Nyamizi, aliyezaliwa naye tumbo moja.

Pande zote mbili zikakubaliana kumfukuza Mlekwa, asikanyage tena ardhi ya Kamunyu. Hilo ndilo lilikuwa jambo la mwisho walilokubaliana. Baada ya hapo waligawana mji kama watu wanaogawana urithi wa baba mwenye wake wawili. Waligawana shule, madarasa matatu huku na matatu kule. Waligawana siku za kuchota maji. Kisha, sikilizeni ujinga huu, wakagawana muziki. Ngoma zote sita zikapanda Juu. Nyimbo zote, kwa kuwa watunzi wengi walikuwa wa Chini, zikabaki Chini. Wakaapa mbele ya mashahidi kwamba mtu wa Juu asiimbe, mtu wa Chini asiguse ngoma, na wimbo na ngoma visikutane tena.

Miaka tisa harusi za Juu zilikuwa ngoma tupu, bibi harusi anatoka ndani watu wote kimya, dum dum dum, kama wanamsindikiza mahakamani. Harusi za Chini zilikuwa kuimba na kupiga makofi mpaka viganja vinawaka. Mimi huwa nacheka nikifika hapa. Lakini wao hawakucheka, maana hakuna aliyecheza akashiba kwa muda wote huo.

Nyamizi hakucheza kabisa. Kaka yake alikuwa anachimba visima katika nchi kavu mwendo wa siku tatu, na habari zake zilikuja na madereva wa malori waliokuja kununua chumvi. Mara moja kwa mwaka, pengine mara mbili, dereva alishuka akamwambia, "Dada, Mlekwa anakusalimu. Anauliza kama mlango wa nyumba yenu bado unakwama." Ulikuwa bado unakwama. Zamani Mlekwa alikuwa anausukuma kwa bega kila asubuhi, huku anaulaani, na Nyamizi alikuwa anaamka kwa makelele hayo. Mama yao alipofariki, Mlekwa aliletewa habari siku arobaini zimeshapita. Alimrudishia dada yake ujumbe mfupi: "Umemlaza upande gani wa baba?" Nyamizi alimjibu, kisha akalia siku mbili mfululizo, kwa sababu hilo ni swali la mtu ambaye hategemei kuja kuona mwenyewe.

Alikuwa na hamu na kaka yake. Sina namna nyingine ya kulisema. Alimwonea hamu akikoroga, akila, akifunga kanga.

Mwaka wa tisa zikaja mvua kubwa. Kilima kikamomonyoka, na jiwe lenye ukubwa wa nyumba ya vyumba viwili likaporomoka likaziba mdomo wa chemchemi. Juu walikwenda na kamba yao wakalivuta kutwa nzima. Halikutikisika. Siku ya pili Chini wakaenda na kamba yao. Halikutikisika pia. Miezi minne masufuria yakakaa makavu. Malori yakaacha kuja, na familia zikaanza kufunga virago.

Hapo ndipo watu wakakumbuka Neno. Kamunyu ina mila ya zamani: atakayeiokoa chemchemi hupewa neno moja. Huomba jambo moja, lolote, na mji mzima hulitimiza bila kuuliza sababu, leo na siku zote. Na Neno haligawanyiki, huwa la mtu mmoja. Msidhani ni mchezo. Aliyepewa Neno mara ya mwisho alikuwa bwana mmoja aliyechimbua chemchemi enzi za mababu, naye aliomba mke wake aliyemwacha asiolewe tena na mtu yeyote wa Kamunyu. Bwana akafa. Mwanamke akaishi miaka thelathini zaidi, mzuri vile vile, na hakuna aliyebisha hodi kwake.

Nyamizi alipolikumbuka Neno, alimfikiria Mlekwa kabla ya chemchemi. Sitawaficha hilo. Akaenda hadi ukingo wa korongo, kwenye nyumba ya Bi Mwavita, ambaye tangu kura ziungue hakuwa wa Juu wala wa Chini, na hakuwahi kuhutubia tena isipokuwa mazikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Uso huo umebeba nini?"

"Nimetunga wimbo, mama. Wa Mlekwa. Nataka kuuimba pale kwenye jiwe, huenda watu wakaja."

"Una jina lake ndani?"

"Hauna. Nikilitia, Juu hawatakuja."

Bi Mwavita alimtazama. "Basi kauimbe hivyo hivyo," akasema. "Na mimi nitakuja kwa miguu yangu."

Asubuhi Nyamizi akapanda karibu na jiwe, mahali ambapo sauti hupiga kilima ikarudi pande zote mbili, akaanza:

Mlango wetu mzito, peke yangu siuwezi,
Nausukuma kwa bega, miaka tisa na mwezi,
Wewe uliye ng'amboni, njoo ufanye nami kazi,
Nyumba i giza mchana, natazama njia wazi.

Akaurudia. Mara ya tatu sauti ikamkatika kwenye "natazama", akauanza mstari ule upya. Wa Chini wakatoka nje, maana walikuwa hawajawahi kumsikia akiimba hivyo. Kule Juu, watu ambao kwa miaka tisa hawakusikia wimbo karibu wakasimama milangoni mwao. Kila mmoja alikuwa na mtu wake. Kuna aliyekuwa na dada Chini, na kuna aliyekuwa na mkwe au rafiki wa utotoni. Mama mmoja wa Juu akaweka chini ungo wake, akaanza kuteremka bila viatu, na wengine wakamfuata. Kabla jua halijawa kali mji mzima ulikuwa umejaa pale chini ya kilima. Kazi hiyo ilikuwa ya Nyamizi. Bila wimbo, kila mtu angebaki nyumbani kwake.

Lakini kukusanyika si kupatana. Juu walikuja na kamba yao, na Chini walikuja na yao. Ikaanza: kamba ya nani itafungwa, nani atakaa mbele, nani alishindwa kwanza. Mmoja akasema, "Nyie si ndio mnaojua kuchoma masanduku?" Wanaume wakaanza kuvua mashati, na kuna walioinama kuokota mawe.

Bi Mwavita akapanda juu ya lile jiwe. Alikuwa na miaka sitini na goti bovu, na alipanda peke yake.

"Rusheni," akasema. "Nitupieni mimi kwanza. Mimi ndiye ambaye kura zangu ziliungua. Kama yuko mtu hapa mwenye haki ya kununa, ni mimi, na nimenuna miaka tisa kwa bidii zote. Mnajua nimepata nini? Mikunjo."

Watu wengine wakacheka, bila kupenda.

"Niliwahi kuwaahidi barabara na zahanati. Leo siwaahidi kitu. Nawauliza tu. Mtu wa Juu asiye na damu yake Chini, aondoke. Mtu wa Chini asiye na kaburi la mtu wake Juu, aondoke. Jiwe hili tutawaachia wenye mji wao."

Hakuna aliyeondoka. Bi Mwavita akasubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa hotuba.

"Haya. Fungeni hizo kamba mbili ziwe moja. Ashike mmoja wa Juu, mmoja wa Chini, mmoja wa Juu, mmoja wa Chini, mpaka mwisho. Anayetaka kumwangusha mwenzake, atamwangukia miguuni."

Wakatupa mawe chini. Wakafunga kamba, wakapangana kama alivyosema, bega kwa bega na watu ambao hawakuwasalimia kwa miaka tisa. Kazi hiyo ilikuwa ya Bi Mwavita. Bila maneno yake, asubuhi ile ingemalizikia hospitali.

Lakini kushika kamba si kuvuta. Juu wana desturi yao: huhesabu mpaka tatu, kisha huvuta. Chini huvuta mtu akipiga ukelele. Basi hawa wakivuta, wale wanapumzika. Wale wakivuta, hawa bado wako kwenye mbili. Kamba ikawa inarukaruka na kuwachubua viganja. Jiwe halikutikisika hata kidogo. Wakajaribu mara tano, wakajaribu mara kumi, na minong'ono ikaanza upya: "Mnaona? Hawa watu huwezi kuvuta nao."

Nkwabi alikuwa amesimama pembeni. Kutokana na jicho lake hakupenda kukaa katikati ya watu. Alikuwa amesikia ule wimbo tangu asubuhi, na nitawaambia alichosikia, kwa maana alikisema mwenyewe baadaye. Alisikia mahali ambapo ngoma ilitakiwa kuingia. Kila mstari ulikuwa na nafasi yake tupu, kama kiti kilichowekwa kwa ajili yake. Akapanda Juu mbio, akarudi na ngoma kubwa, akamwendea Nyamizi, dada wa mtu aliyempofua. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile.

"Dada, imba tena. Polepole."

"Kaka Nkwabi, tuliapa."

"Najua tuliapa. Imba."

Akaimba, Nkwabi akapiga. Alipiga pigo zito la mwendo wa mtu aliyebeba jeneza, hata asiyejua kuhesabu akajua lini avute na lini avute pumzi. Watu mia tatu wakawa mwili mmoja. Jiwe likalia. Nkwabi akapiga mpaka ngozi ya viganja ikapasuka, damu ikatapakaa juu ya ngoma, na hakupunguza. Jiwe likainuka upande mmoja, likasita, likabiringika bondeni, na maji ya chumvi yakaruka na kuwalowesha wote. Kazi hiyo ilikuwa ya Nkwabi. Bila ngoma, wangekuwa wanavutana na kamba mpaka leo.

Watu wakakumbatiana. Wakacheza, jamani, ngoma na nyimbo kwa pamoja. Kina dada waliolelewa pamoja wakatazamana wakaonana wamezeeka, wakalia wakicheka. Ugomvi wa Kamunyu ulikwisha siku ile. Kilichobaki ni Neno, ambalo kwa mila hutolewa kabla chumvi ya kwanza haijakauka kwenye sufuria. Ikikauka kabla halijatolewa, Neno limepotea.

Kesho yake masufuria yakawekwa motoni, na watu wakakutana katika ghala la chumvi. Aliyeongoza mkutano alikuwa Bwana Misana, mtu mnyoofu asiyependa maneno mengi. Watu walipotakiwa kutaja jina la aliyeiokoa chemchemi, walitaja matatu, na sauti zikalingana. Bwana Misana akajikuna kichwa. "Basi kila mmoja aseme angeomba nini," akasema, "tuone kama tutasaidika."

Nkwabi akasimama, mikono imefungwa vitambaa.

"Mimi sina mengi. Naomba Mlekwa asirudi Kamunyu maadamu ni hai. Sina kisasi, wala simtakii baya huko aliko. Lakini upande huu wa kushoto sioni anayekuja. Miaka tisa nimetembea bila kugeukageuka kwa sababu najua hayupo. Watu sasa mmepatana, na najua kupatana huleta kusamehe watu bila kuwauliza walioumizwa. Mniachie utulivu wangu huo. Ni hilo tu."

Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Na kulikuwa na jambo ambalo ni yeye tu alilijua: asubuhi ile lori la kwanza baada ya miezi minne lilikuwa limefika kuulizia chumvi, na dereva alimnong'oneza, "Dada, Mlekwa nimemleta. Alisikia chemchemi imeziba na watu wanahama. Nimemshusha mpakani, amekaa pale na kifurushi chake. Amesema hatavuka hadi aitwe."

Akasimama. Angeweza kusema kitu kingine, na mimi nadhani alifikiria kufanya hivyo.

"Mimi naomba Mlekwa arudi," akasema. "Kaka Nkwabi, nisamehe. Siwezi kuomba kingine, hata nikijaribu. Wimbo ule ulikuwa wake. Wote mlioufuata mlifuata njaa yangu ya kumwona yeye. Naye yuko mpakani sasa hivi."

Nkwabi akatazama vitambaa vya mikono yake.

"Nilikuwa nampigia ngoma yeye?"

"Ndiyo, kaka."

"Ningejua, nisingeinua mikono."

"Mimi nilijua," akasema Bi Mwavita kutoka alikokaa.

Nkwabi akageuka mzima mzima, jinsi alivyolazimika kugeuka kila aliposemeshwa kutoka kushoto. "Na ulinyamaza, mama?"

"Nilinyamaza. Ningesema, jiwe lingebaki pale pale, na leo wewe na mimi tungekuwa tunafunga virago. Sijivunii. Nakwambia tu nilivyofanya."

"Na wewe unaomba nini, mama?" Bwana Misana akauliza, kama mtu anayetafuta pa kutokea.

Bi Mwavita alisimama taratibu kwa ajili ya goti lake. "Kura zile zirudiwe. Mimi na mwenzangu yule yule, sanduku moja, zihesabiwe mbele ya watu wote. Sitaki kushinda, nimezeeka. Nataka kujua. Kila ninayekutana naye njiani, kwa miaka tisa, najiuliza kama alinitaka au hakunitaka. Jana nilisema nanyi bila kujua kama mliwahi kuwa wangu."

Hapo mkutano ukavurugika kwa heshima. Mmoja akasema apewe Bi Mwavita, kwa kuwa ombi lake halimuumizi mtu. Mwingine akamrukia: "Halimuumizi? Kura ndizo zilizotugawa! Unataka tuwashe moto ule ule siku ya pili?" Mmoja akasema apewe Nkwabi, kwa kuwa ndiye pekee aliyetoa kazi yake kwa kudanganywa. Mama yule aliyeteremka bila viatu akasema, "Mimi nilishuka kwa sababu ya wimbo. Kama wimbo ulikuwa wa Mlekwa, basi Mlekwa ndiye aliyenirudishia dada yangu. Leo nimfungie mlango?" Na mtu wa Chini, wa Chini kabisa, akamjibu kwamba jicho la Nkwabi halijarudi, na ni rahisi kusamehe kwa jicho la mwenzio.

Kutoka nje mtoto wa kike akaita kwamba maji kwenye sufuria ya kwanza yameanza kuwa mazito, na pembeni chumvi inaonekana.

Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala. Kutoka pale mtu huiona njia mpaka inapokata kona, na zaidi ya kona ndipo mpaka ulipo. Alitaka kukimbia. Alitaka amwone tu, aone kama ameota mvi, amwambie mama amelala kulia kwa baba. Kisha akageuka akamtazama Nkwabi, aliyekaa ameegemeza ubavu wake wa kushoto ukutani ili asijiwe na mtu upande huo, akajua kwamba hamchukii hata kidogo, na kwamba hilo halimpunguzii hamu ya kaka yake.

Bwana Misana amesimama katikati, watu wote wamemkodolea macho. Mwimbaji aliwatoa nyumbani, kwa wimbo ambao hakusema ni wa nani. Msemaji aliwaunganisha mikono, na akanyamaza alipopaswa kusema. Mpiga ngoma aliliondoa jiwe kwa damu yake, kwa ajili ya mtu ambaye asingempigia hata makofi. Chumvi inakauka, na Mlekwa ameketi mpakani anasikiliza kama ataitwa.

Ninyi mliokaa hapa, chukueni nafasi ya Bwana Misana. Neno ni moja tu. Mtampa nani, na hao mtakaowanyima, mtawaambia nini mkiwatazama machoni?